Moyo unaopapatika na dawa ya zamani iliyoishinda mpya

Kwinini tunaijua sote hapa Uganda. Kabla dawa za mseto hazijaenea, ndiyo iliyokuwa ikitundikwa kwenye dripu za wagonjwa wa malaria kali, na wengi wetu tunaikumbuka kwa uchungu wake na kwa masikio yaliyovuma mchana kutwa. Lisilojulikana sana ni kwamba dawa hiyohiyo ilifungua njia ya kutibu mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi, aliyezoea kutumia kwinini katika nchi zenye malaria, alimwendea daktari Karel Wenckebach akilalamikia moyo uliokuwa ukienda ovyo. Daktari alimweleza kwamba hana namna ya kuurudisha katika mwendo wake. Mgonjwa akajibu kwamba yeye mwenyewe anayo namna, akaahidi kurudi kesho yake asubuhi mapigo yakiwa sawa, na kweli akarudi yakiwa sawa, maana alikuwa amekunywa gramu moja ya kwinini. Wenckebach aliliandika jambo hilo mwaka 1914, na mwaka 1918 Walter von Frey, huko Berlin, akalinganisha kwinini na dawa nyingine za gome lilelile, akaona kwamba kwinidini ndiyo yenye nguvu zaidi.

Kwinidini ikatumika kwa miongo mingi, na hoja ya kuitumia ilikuwa nyepesi kueleweka: moyo umepoteza mpangilio, dawa inaurudisha, kwa hiyo dawa ni njema. Mwaka 1990 watafiti walikusanya majaribio sita yaliyohusu wagonjwa 808 waliokuwa wametolewa katika hali ya mpapatiko, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo, wakahesabu. Baada ya mwaka mmoja, nusu ya waliokuwa wakinywa kwinidini walikuwa bado na mapigo ya kawaida, ikilinganishwa na robo tu ya wasioinywa. Hadi hapo hoja ilisimama. Lakini vifo vilikuwa asilimia 2.9 kwa waliopewa dawa na asilimia 0.8 kwa wasiopewa. Karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ilisifu dawa, na daftari la vifo likaikataa.

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa jaribio la Marekani lililoitwa CAST, ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kusomwa na kila anayeandika cheti cha dawa, hata kama hatatibu moyo maisha yake yote. Ilikuwa imejulikana kwamba mtu aliyepata shambulio la moyo, kisha akawa na mapigo mengi ya ziada yanayotoka katika vyumba vya chini, yumo katika hatari ya kufa ghafla. Kulikuwa na dawa, flekainidi na enkainidi, zilizoweza kuyafuta mapigo hayo karibu yote. Wapo madaktari walioona kwamba kumpa mgonjwa wa namna hiyo kidonge kisicho na dawa, kwa ajili ya utafiti tu, ni kumnyima haki yake. Watafiti hata hivyo walianza kwa kuchagua wale tu ambao dawa ilikuwa imeonekana kuwafaa, yaani mapigo yao ya ziada yalikuwa yamepungua kweli, ndipo wakawagawa kwa bahati nasibu. Matokeo kamili yaliyotolewa mwaka 1991 yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa hizo mbili walikufa 63, na kati ya 743 waliopewa kidonge kitupu walikufa 26. Sehemu hiyo ya jaribio ilikuwa imekwisha kusimamishwa mwaka 1989. Kabla ya hapo dawa hizo zilikuwa zimeandikwa kwa nia njema kabisa, na daktari asingeweza kuliona kosa akiwa na mgonjwa mmoja mmoja, kwa kuwa aliyekufa alidhaniwa ameuawa na ugonjwa ambao dawa ilijaribu kuuzuia.

Nimeanza na habari hizi za mbali kwa sababu ndizo zinazonifanya niwe na shaka kila ninapoambiwa kwamba tiba fulani ya moyo lazima itatufaa sisi, ati kwa kuwa imewafaa wengine au kwa kuwa inaingia akilini.

Tatizo ninalolizungumzia hasa ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ambao kitaalamu huitwa atriali fibrilesheni. Moyo ulio salama huanza kila pigo katika kituo kidogo kilicho juu ya chumba cha kulia, ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907. Umeme hutoka hapo, husambaa katika vyumba viwili vya juu, kisha hupita katika lango moja, lililoelezwa na Sunao Tawara mwaka 1906, ndipo ufike katika vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. Katika mpapatiko, vyumba vya juu hutoa ishara zaidi ya 300 kwa dakika zisizo na utaratibu wowote, nazo hugombea lango hilo kama teksi za Old Taxi Park zinavyogombea njia ya kutokea saa za jioni: moja hupenya, mbili hukwama, nyingine tatu hupenya zikifuatana. Ndiyo maana mkono ukishikwa pale kwenye kifundo, mapigo huja bila mpango, moja kubwa na jingine dogo, moja mapema na jingine kwa kuchelewa. Na kwa kuwa vyumba vya juu hutetemeka tu badala ya kujikaza, damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo cha chumba cha kushoto, ikaganda. Bonge likichomoka na kupanda kichwani, huleta kiharusi.

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi cheche zinazoanzisha mpapatiko hutoka katika mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na tangu hapo tiba ya kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, hadi moyoni na kuunguza sehemu hizo imekua sana. Ni kazi nzuri, nami sina neno dhidi yake, ila ilijengwa juu ya mioyo ambayo vali zake nyingi ni nzima.

Huku kwetu hali ni nyingine. Mdogo wangu ni fundi cherehani mjini Tororo. Aliambiwa ana mpapatiko wakati watoto wake wangali wadogo, baada ya muda mrefu wa kutibiwa presha ambayo hakuwa nayo na malaria ambayo pengine alikuwa nayo mara moja moja tu. Kiini cha ugonjwa wake kilikuwa homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni bila mtu kuijua. Koo huambukizwa bakteria wa streptokoka, mwili hupigana nao, na katika vita hivyo kinga ya mwili hugeukia vali za moyo, hasa ile ya mitrali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Kadiri mashambulizi yanavyorudiwa, vali hupata makovu na njia yake ya kupitishia damu kuwa nyembamba, damu hurundikana nyuma yake, chumba cha juu hutanuka mwaka baada ya mwaka, na ukuta uliotanuka namna hiyo hauwezi tena kupitisha umeme kwa utaratibu.

Utafiti wa REMEDY, uliofanywa katika hospitali 25 za nchi 12 za Afrika, Uganda ikiwamo, pamoja na India na Yemen, uliandikisha wagonjwa 3,343 wa moyo uliodhuriwa na homa hiyo. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 28, theluthi mbili walikuwa wanawake, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano alikuwa na mpapatiko. Zipo sababu nyingine pia, zikiwamo presha na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na upo ule ugonjwa wa utando mgumu ndani ya moyo ambao J. N. P. Davies aliueleza hapa hapa katika hospitali ya Mulago mwaka 1948. Lakini mwanamke kijana mwenye vali nyembamba ndiye ambaye kila anayefanya kazi katika kliniki ya moyo nchini anamfahamu.

Sasa mtazame mwanamke huyo akisubiri dawa mpya. Kwa zaidi ya nusu karne dawa ya kuzuia damu isigande imekuwa warfarini, na usumbufu wake unajulikana: lazima damu ipimwe mara kwa mara kipimo kinachoitwa INR, ambacho kwa wagonjwa wengi wa aina hii hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka damu huganda, kikipanda mgonjwa huvuja damu. Baada ya mwaka 2009 zikaja dawa ambazo hazihitaji kipimo hicho. Jaribio la RE-LY lilikuwa na watu 18,113 wenye wastani wa umri wa miaka 71, na lile la ROCKET AF, lililoipima rivaroksabani, lilikuwa na watu 14,264 wenye umri wa kati wa miaka 73. Yote mawili yaliwaacha nje wagonjwa ambao vali yao ya mitrali imebana sana. Kwa maneno mengine, mdogo wangu asingepokelewa katika jaribio lolote kati ya hayo, kwa umri hakuwa mfano wao na kwa vali alikuwa amekatazwa.

Ndugu yetu mmoja anayeishi London alipopata habari za dawa hizo alipiga simu kwa furaha. "Dada, achana na hiyo warfarini ya kuchomwa sindano kila mwezi," alimwambia, "huku wazee wote wamebadilishiwa." Alikuwa akisema kweli kuhusu wazee wa huko, na pendekezo lake lilikuwa na mantiki yote ya dunia: ikiwa tatizo la warfarini ni vipimo, na sisi ndio tulio mbali zaidi na maabara, basi dawa isiyohitaji vipimo itatufaa sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Nakiri kwamba sikuona kasoro yoyote katika maneno hayo, na daktari wake, aliyemshauri asubiri, alionekana kwetu kama mtu mzito wa kuacha mazoea.

Utafiti wa INVICTUS ulitoa jibu mwezi wa Agosti 2022. Huu ulifanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, kwa wagonjwa wenye mpapatiko uliotokana na homa ya baridi yabisi, na hesabu ya mwisho ilikuwa na watu 4,531, wastani wa umri ukiwa miaka 50.5 na asilimia 72.3 wakiwa wanawake. Nusu yao walipewa rivaroksabani na nusu dawa za jamii ya warfarini. Walioandaa utafiti walitarajia kuona kwamba dawa mpya walau haipitwi na ya zamani. Waliopatwa na kiharusi, bonge la damu sehemu nyingine, shambulio la moyo, au kifo kilichotokana na moyo, mishipa ya damu au sababu isiyojulikana, walikuwa 560 kati ya 2,275 upande wa dawa mpya, na 446 kati ya 2,256 upande wa dawa ya zamani. Kuvuja damu kwingi hakukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa kati ya makundi hayo mawili. Yaani dawa ya zamani, ile yenye usumbufu wote, ndiyo iliyowaacha wengi hai.

Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba tofauti kubwa ya vifo haikutokana na viharusi, bali na vifo vya ghafla na vya moyo kushindwa kusukuma damu. Mpaka leo maelezo ya jambo hilo yanajadiliwa. Wapo wanaosema kwamba mgonjwa wa warfarini, kwa kuwa alilazimika kuonana na wahudumu kila mwezi kwa ajili ya INR, alipata jicho la mtu anayeona miguu inavimba, pumzi inakata, dawa za kupunguza maji zimeisha. Maelezo haya yananivutia, kwa kuwa yangemaanisha kwamba ule usumbufu tulioulaani ulikuwa sehemu ya tiba. Lakini nikikumbuka CAST najizuia, kwa sababu nayo ni hoja inayoingia akilini tu, bado haijahesabiwa.

Kuna kingine katika utafiti huo kinachofaa kutazamwa na watu wa Uganda. Wagonjwa walipoanza, ni kama theluthi moja tu ya wale wa kundi la warfarini waliokuwa na INR katika kiwango kinachotakiwa. Baadaye, chini ya uangalizi wa utafiti, walifika zaidi ya nusu. Hata hapo si wote waliofikia kiwango, na bado dawa ikashinda. Katika REMEDY, kati ya wale waliokuwa wameandikiwa dawa hizo, waliokuwa katika kiwango walikuwa asilimia 28.3. Kwa hiyo swali la Uganda si kama tuna dawa inayofaa, kwa sababu tunayo na si ghali. Swali ni vipi damu ipimwe karibu na mgonjwa anakoishi.

Anayetumia warfarini hapa hukutana pia na mambo ambayo kijitabu kilichoandikwa nchi nyingine hakiyataji. Dodo na nakati zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa, na ushauri ulio sahihi si kuziacha mboga hizo, kama baadhi ya wauguzi wanavyosema, bali kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, jambo lililo gumu katika nyumba ambayo msimu ndio unaoamua kilichomo chunguni. Septrini, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamewahi kuinywa kila siku, huipandisha INR, na metronidazoli, ambayo huuzwa dukani kwa tumbo lolote linalouma, huipandisha vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Tena yapo majani yanayochemshwa nyumbani ambayo mgonjwa hayataji kliniki kwa kuwa hakuulizwa kwa upole.

La uzito zaidi ni ujauzito. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, na moyo wenye vali nyembamba huzidiwa na damu inayoongezeka mwilini mwa mjamzito. Hata hivyo, kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa walioandikishwa katika REMEDY, waliokuwa wakitumia njia ya uzazi wa mpango walikuwa asilimia 3.6. Sidhani kwamba takwimu hiyo inaonyesha ukaidi wa wanawake. Inaonyesha kliniki ya moyo iliyo chumba kimoja na kliniki ya uzazi iliyo chumba kingine, na mume anayeulizwa maoni nyumbani bila kuwahi kuelezwa lolote na daktari.

Msomaji aweza kuuliza kama Uganda inaweza kufanya utafiti wa namna hii yenyewe, badala ya kuwa mahali pa kuandikishia watu tu. Jibu limetoka Gulu. Watafiti wakiongozwa na Andrea Beaton wa Marekani na Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda walipima kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, watoto 102,200 wa kaskazini ili kupata wale ambao vali zao zimeanza kudhurika ingawa wao wenyewe hawajisikii kuumwa. Watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Walioendelea kudhurika walikuwa 3 kati ya 399 upande wa sindano, na 33 kati ya 400 upande wa pili. Kabla ya hapo wapo walioona kwamba ni wazi penisilini itasaidia, na wapo walioona kwamba madhara madogo kama hayo hupona yenyewe na kwamba kumchoma mtoto sindano yenye maumivu kila mwezi ni kumtesa bure. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Penisilini haiurudishi moyo katika mwendo wake, lakini vali isiyopata makovu haimtanui mtu chumba cha juu, na kwa hesabu yangu huu ni utafiti wa mapigo ya moyo sawasawa na ule wa Bordeaux.

Kuhusu moyo unaokwenda polepole mno, ambao tiba yake ni betri ya moyo, nitasema kwa ufupi. Betri ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa mtu iliwekwa Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958 na Åke Senning, ikiwa imetengenezwa na Rune Elmqvist. Ilikufa baada ya saa chache, lakini mgonjwa, Arne Larsson, aliendelea kuwekewa nyingine hadi alipofariki mwaka 2001 wakati tabibu na fundi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Kwetu kikwazo ni bei. Watu wa Chuo Kikuu cha Michigan wamekuwa wakichukua betri zilizotolewa kwa marehemu, kuzisafisha na kuzijaribu upya, na jaribio lao la wagonjwa 298 katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo, lilitangazwa mwaka 2024 likionyesha kwamba hazikuwa duni kuliko mpya. Wapo watakaokataa kuvaa moyoni kilichovaliwa na maiti, nami nawaelewa. Ila hofu ya kwamba lazima zitaleta maambukizi imekwisha kupimwa.

Kama ningeulizwa na watafiti wa Mulago na Makerere jaribio gani lifuate, ningewaomba hili. Vichukuliwe vituo vya afya vya daraja la nne, baadhi vipewe mashine ndogo ya INR inayotumia tone la damu la kidoleni pamoja na muuguzi aliyefundishwa kurekebisha dozi ya warfarini na kushika mapigo ya mkononi, na vingine viendelee kama kawaida, wagonjwa wakisafiri kwenda hospitali ya rufaa. Wajawazito na wanaotaka kuzaa wasiachwe nje, wawekewe utaratibu wao chini ya daktari. Na mwisho wa miaka mitatu wasihesabu tu ni INR ngapi zilikuwa katika kiwango, maana hiyo ni karatasi. Wahesabu viharusi, watoto waliozaliwa salama, na akina mama walio hai.

Mdogo wangu bado yuko kwenye warfarini, na hata yule wa London sasa humuuliza INR yake kabla ya kumuuliza hali.